Hagamaga Nyumbani kwa Mwenyekiti

Birika la Winifred liliacha kupiga mluzi. Maji yalitokota, mvuke ukafoka, sauti haikutoka. Siku hiyohiyo mbwa akambwekea muuza samaki kwa kupanua taya tu. Naye mumewe, Cuthbert, mwenyekiti wa kila kamati katika kijiji chao huko Lincolnshire, Uingereza, bwana aliyekohoa kwanza ili watu wajiandae kumsikia, sasa alinong'ona hata kuomba chumvi.

"Mafua," akanong'ona.

"Mafua ya mbwa na birika?"

Kisha stoo ya chakula ikaanza kunuka udongo mbichi, na nyuma ya mitungi ya achari, mchana kweupe, kitu kikawa kinasema: hagamaga, hagamaga. Na binti yao mdogo Hester, aliyekuwa akiimba hata chooni, akaamka akipanua kinywa pasipo sauti, machozi yakimtiririka, na kadiri mama yake alivyomkumbatia na kumsihi aite, aite japo mara moja tu, ndivyo mnong'ono ule ulivyotoka stooni, ukapanda ngazi, ukajikunja kooni mwa mtoto kama paka aliyepata kitanda.

Kasisi Pell aliitwa. Akasikiliza, akapaliwa na chai.

"Hagamaga ni neno la kale, Bibi Winifred," akasema kwa sauti ya chini. "Kufanya jambo kwa kificho, harakaharaka, ovyoovyo. Wazee walilitumia hata kwa mazishi: mtu kufukiwa bila kengele wala sala. Nani kazikwa hivyo hapa?"

Cuthbert alitazama viatu vyake.

"Kaka yangu Ambrose. Alifia mtaroni, kalewa chakari. Nimemfukia nyuma ya banda la kuku."

"Si ulisema kaenda Kanada!" Winifred akamaka.

"Watu wangesemaje? Mimi, mwenyekiti?"

"Litangaze kwa sauti," Kasisi akamwambia. "Kinakula siri hicho. Kitammaliza mtoto."

"Labda... tuunde kwanza kamati ndogo."

"Kwenda zako, kinyago we!" Winifred, ambaye koo lake nalo lilishaanza kukwaruza, akafungua mlango wa barabarani. "Jamani! Ambrose amekufa! Huyu kamfukia kama mzoga, eti anaona aibu!"

Nyuma yake Hester akaangua kilio, kikali, kibaya, kitamu kuliko wimbo wowote.

Cuthbert alipanua kinywa akanushe. Mnong'ono ulikuwa umeshahamia kooni mwake. Ambrose alizikwa upya kwa kengele na sala, lakini hadi leo mwenyekiti anaagiza bia kwa kidole, na baani hakuna anayekaa naye, maana akifungua mdomo anywe, humo ndani kuna mtu mwingine anacheka.