Kifuniko Kisicho na Utepe

Kila jioni Mitchelle alitoka shuleni akaenda kumsaidia mama yake, Nasipwondi, katika kibanda chao cha ushonaji huko Kawangware. Siku moja walikuwa na kazi ya Okeyo wa Gatwekera, fundi wa ndege za abiria. Alikuwa ameleta vifuniko vya turubai.

“Hivi hufunika vipimo vya nje ndege ikiegeshwa, vumbi na wadudu wasiingie,” Okeyo alieleza. “Kila kimoja kishonewe utepe mwekundu unaoning’inia, Mama Mitchelle. Anayevitoa asubuhi hutafuta huo wekundu.”

Mama alishona vyote isipokuwa kimoja. Hicho alimwachia Mitchelle, akaenda kumpelekea jirani mgonjwa uji.

“Huo utepe ni moto!” alisema Nafuna, rafiki yake Mitchelle, aliyekuwa amepita kibandani. “Funga nao nywele siku ya ngoma, utawaka!”

Mitchelle alicheka. Akautia utepe mfukoni, akakiweka kifuniko bila utepe katikati ya vingine. Okeyo alipovichukua alishukuru sana, hata akamwachia ndizi.

Jumamosi Okeyo alirudi, akaketi kwenye benchi bila kusalimu.

“Ndege nusura iondoke na kifuniko,” alisema. “Rubani alikiona alipoikagua mara ya mwisho. Dalmas, mwenzangu anayevitoa, amesimamishwa. Jumatatu atafutwa kazi. Anaapa hakuona utepe, lakini nani atamwamini?”

“Kingebaki, kingefanya nini?” Mitchelle aliuliza polepole.

“Kipimo kile huonyesha kama pua ya ndege imeinuka mno. Ikiinuka hivyo, mabawa hushindwa kuibeba, na usukani hutetemeka kumwonya rubani. Kikifunikwa, onyo laweza lisije, au lije la uongo. Watu wangekufa, Mitchelle.”

Mitchelle aliugusa utepe mfukoni. Akisema, mama angepoteza mteja. Akinyamaza, Dalmas angepoteza kazi bila kosa. Aliutoa.

“Ni mimi, Uncle. Niliuchukua nifunge nywele. Dalmas hakuuona kwa sababu haukuwepo.”

Mkasi ulimponyoka Mama. “Mitchelle! Watu wafe, wazima kwa watoto, kwa ajili ya nywele?”

Mitchelle alilia. Okeyo alisogea kumpa nafasi kwenye benchi.

“Kaa. Ukimaliza kulia, twende ukamwambie mkubwa wangu.”

Walikwenda wote watatu hadi uwanja wa ndege. Mkubwa aliwakaripia bila huruma, akaagiza vifuniko vyote virudishwe kibandani vikaguliwe, kisha akampigia Dalmas simu arudi kazini. Dalmas alikuja mbio, jasho likimtiririka.

“Kasichana, umenitesa!” alisema, kisha akatabasamu. “Lakini umekuja. Wengi hawangekuja.”

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Mitchelle alisema, “Niliogopa sana kusema.”

“Marubani nao huogopa,” Okeyo akajibu. “Usukani ukitetemeka, mkono hutaka kuivuta ndege juu, kwa maana wanaona chini ndiko kwenye hatari. Lakini wanafundishwa kushusha pua, ili mabawa yapate nguvu tena. Waliozidi kuvuta juu, ndege zao zilianguka.”

Mama alimshika Mitchelle bega. Hasira yake ilikuwa bado haijaisha.

“Umesikia? Ukikosea, moyo utakuonya, nawe utatamani kujificha. Sema mapema, hata kama unajishusha. Na kesho vifuniko vyote vitapita mikononi mwako, nami nitauvuta kila utepe nione kama umeshika.”

“Ndiyo, Mama,” alisema Mitchelle, akampa ule utepe.