Nusu Iliyobana Vidole

Kila alasiri, kengele ya shule ikishalia, Injinia hupitia karakana ya baba yake kabla ya kwenda nyumbani. Hufagia vipande vya ngozi, hupanga misumari kwa ukubwa, kisha huketi kibaoni na kompyuta kuukuu aliyopewa na mjomba wake, ambayo ikiwashwa hukoroma kama paka aliyeshiba. Jina la Injinia alipewa na baba. Jina lake halisi husikika pale tu mama anapokasirika.

Mwezi huo baba, fundi viatu, alikuwa akishona viatu vya bendi ya shule. Kupima ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote. Watoto waoga aliwatekenya nyayo kwa ncha ya tepu, wakacheka, na kabla hawajamaliza kucheka alikwisha kuwapima. Injinia aliandika programu ya kugeuza vipimo hivyo kuwa namba za viatu: urefu wa wayo kwa sentimita, mara moja na nusu.

"Na ikitokea nusu?" baba aliuliza.

"Ipo amri ya kukadiria, Baba. Nusu inapanda juu, kama tulivyofundishwa darasani."

"Umeijaribu?"

"Baba, jamani! Kompyuta haikosei."

"Haya, Injinia. Mimi na nyundo yangu tumenyamaza."

Viatu vikatoka vinang'aa, hata nzi akitua angeteleza. Ijumaa, siku ya mazoezi, Mluzi, mpiga filimbi, alitembea kama bwana harusi. Lakini Radi, mpiga ngoma kubwa na rafiki wa Injinia tangu chekechea, alikuwa akichechemea.

"Vipi, umekanyaga kaa la moto?" Mluzi akamtania.

"Cheka tu. Adhabu ya kiatu aijuaye mvaaji!"

Kidole gumba chake cha mguu kilikuwa kimevimba kama kitunguu. Na kesho yake, Jumamosi, bendi ilitakiwa kucheza mbele ya wazazi wote.

Jioni ile Radi akavirudisha karakanani.

"Shikamoo, Mzee. Viatu vyako vizuri, ila vinaning'ata."

"Marahaba, mwanangu. Lete nione." Baba alikibonyeza kiatu kwa kidole gumba, akaguna, uso ukamshuka. "Nimepima vibaya. Macho yangu yamezeeka. Kuanzia kesho nitatafuta mtu mwingine wa kupima, mimi nibaki na misumari yangu."

Akaweka tepu mezani polepole, akatoka kwenda kuazima miwani kwa jirani, fundi redio.

Injinia akajiuliza. Karakana bila baba kutekenya nyayo za watu ingekuwa karakana gani? Akachukua ile tepu, akampima Radi mwenyewe. Sentimita ishirini na tatu, sawasawa na alivyopima baba. Macho ya baba hayakuwa na tatizo lolote!

Akapiga hesabu kwa kalamu. Thelathini na nne na nusu. Kwa hiyo kiatu kilitakiwa kuwa namba thelathini na tano. Akageuza soli: thelathini na nne. Akaiuliza kompyuta. Thelathini na nne na nusu ikashuka kuwa thelathini na nne. Thelathini na saba na nusu, ya Mluzi, ikapanda kuwa thelathini na nane.

"Kumbe!" Radi akang'aka. "Mwenzangu anapandishwa, mimi nashushwa. Nimeikosea nini?"

Injinia akafungua mwongozo wa lugha ile ya kompyuta, akasoma kwa sauti. Amri ile ilipokutana na nusu kamili, iliipeleka kwenye namba shufwa iliyo karibu, yaani inayogawanyika kwa mbili. Ilifanya hivyo ili mtu akijumlisha namba nyingi, zilizopanda na zilizoshuka zisawazishane.

"Inafaa kwa hesabu," Radi alisema akisugua kidole. "Lakini kompyuta haina vidole."

Kunyamaza kulikuwa rahisi. Baba angelaumu macho yake, na Injinia angebaki kuwa Injinia. Ndipo baba akarudi na miwani puani, akagonga kizingiti, akakiomba radhi kizingiti.

"Baba, vua miwani," Injinia alisema, machozi yakimlengalenga. "Ulipima sawa. Kosa ni langu. Uliniuliza kama nimeijaribu amri ile, nikakujibu kwa majivuno."

Akaeleza yote. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka akashika meza.

"Kwa hiyo mimi si mzee?"

"Bado, Baba."

Baba akailowesha ngozi, akaingiza ndani ya viatu kalibu za mbao zenye umbo la mguu, za namba thelathini na tano, akaviacha vitanuke. Injinia akaandika amri mpya: nusu ipande daima. Alipopitisha upya vipimo vyote, akagundua mwingine aliyebanwa: mpiga matoazi, aliyekuwa akiona haya kusema. Vyake navyo vikapanuliwa.

Jumamosi Radi aliipiga ngoma hadi madirisha ya shule yakaitikia. Baba akamwinamia binti yake sikioni.

"Kutumia chombo si kosa, mwanangu. Kosa ni kukiamini kabla ya kukijaribu. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajaubeba mzigo wako. Jana uliniondolea mzigo mzito."

"Na ile miwani, Baba?"

Baba akapapasa mfuko wa shati, akashtuka.

"Ala! Kimbia ukamrudishie jirani. Tangu jana anatengeneza redio kwa kupapasa!"