Chupa ya Matabaka ya Kisima

Kila alasiri akitoka shuleni, Twaiba alimpelekea chai na mahamri Mjomba Boga, aliyekuwa akichimba kisima nyuma ya nyumba yao huko Waa. Wiki hiyo alikuwa na kazi nyingine. Mwalimu Harrison alimwagiza autazame ukuta wa shimo, achukue udongo wa kila tabaka, kisha yeye na mwenzake Kavumbi waupange katika chupa ya kioo kwa maonyesho ya sayansi ya Ijumaa.

Lakini mchezo wa kati, wa kukwepa mpira na wenzake, ulikuwa mtamu! Twaiba aliiweka chai na kutimua mbio. Jumatano ndipo aliposhtuka. Akalichimbua ubavuni fungu la udongo uliotupwa kando ya shimo, akapanga alivyoona: chini udongo mweusi, katikati mchanga mwekundu, juu vipande vya jiwe la matumbawe. Akamaliza kwa dakika tano.

“Uliuona ukuta wa shimo kwa macho yako?” Kavumbi alimwuliza kesho yake.

“Wallahi nimeuona.”

Kavumbi akaandika kwenye karatasi ya maelezo kwa mwandiko wake mzuri: “Udongo mweusi ndio wa kale zaidi.”

Jioni, Twaiba alimwonyesha Mjomba Boga chupa. Mjomba alicheka mpaka chai ikamwagika.

“Mwanangu, umeipindua Waa nzima! Nilichochimba kwanza ndicho kimelala chini ya fungu. Njoo uone.” Akamshika mkono, wakachungulia shimoni. Mweusi ulikuwa juu, mwekundu chini yake, na chini kabisa jiwe jeupe. “Kilichotangulia kulala ndicho kilicho chini. Jiwe lile lina makombe ya baharini. Basi bahari ilikuwa hapa kabla ya udongo huu wa mihogo yenu.”

Twaiba aliona haya. Kesho Kavumbi angesimama mbele ya watu akisema uongo asioujua. Akaenda nyumbani kwa Kavumbi papo hapo, chupa mkononi, akaeleza yote.

“Na kiapo chote kile?” Kavumbi alinuna.

“Nimekosa. Nisamehe.”

Kavumbi akaichukua chupa, akaimwaga. Walirudi kisimani, wakaijaza upya kwa udongo wa ukuta wa shimo, tabaka kwa tabaka, na Kavumbi akaandika maelezo mapya.

Siku ya maonyesho walishika nafasi ya pili. Twaiba mwenyewe aliwasimulia watu kosa la fungu, wakacheka, naye akacheka.

“Chupa nzuri nimeziona nyingi,” Mwalimu Harrison alisema. “Njia ya mwongo ni fupi, Twaiba. Wewe umegeuka ulipogundua kosa, tena kwa miguu yako mwenyewe. Hilo limenifurahisha kuliko nafasi ya kwanza.”