Hotuba ya Herufi Ndogo

"Soma."

Mdomo wa bastola ulimgusa Kalamu ubavuni, chini ya meza.

Taa nyekundu ya studio ikawaka. Hewani.

Kwa miaka tisa alimwandikia Waziri hotuba, na miaka hiyohiyo alimlinda kwa siri, jasusi aliyefichwa nyuma ya kompyuta. Miezi mitatu iliyopita aliacha kazi zote mbili, akafungua kipindi chake cha redio cha uchambuzi wa siasa na sanaa katika chumba cha kupanga juu ya duka la rangi. Watu walimwamini kwa kuwa hakuwa tena mtu wa mtu.

Ndiyo maana jamaa wa suti ya kijivu, huyu mwenye bastola, alimjia yeye. Mabwana zake wa ng'ambo walikuwa wamemteka Waziri. Saa tano, ndege ya kukodi ingemtorosha. Kalamu akithibitisha kwamba mzee amejiuzulu kwa hiari na anakwenda kutibiwa, hakuna ambaye angeizuia ndege, na mzee asingerudi hai.

Aliitazama karatasi aliyopewa asome.

Herufi ndogo.

Waziri haoni vitu vya karibu, na miwani haitaki katu. Hotuba zake huchapwa kwa herufi kubwa kama za kibao cha duka. Siri hiyo waliijua wawili tu: Kalamu na dereva wa mzee, ambaye hakosi kipindi ili apate la kumkosoa. Kalamu aliomba Mungu leo asikose.

"Wasikilizaji, hii hapa hotuba ya Waziri ya kujiuzulu, kabla hajapanda ndege ya saa tano. Ukurasa mmoja. Mchambuzi huanza na karatasi yenyewe, na herufi zake ni ndogo kama za maelezo ya dawa."

Bastola ikamsukuma.

Akasoma. Taratibu, kwa vituo virefu, akichambua kila sentensi ili kuvuta muda. Alisoma kila nukta akidhani ndiyo ya mwisho.

Simu ikatetemeka mapajani. Ujumbe wa dereva.

*Nimesikia herufi ndogo. Ndege imezuiwa, mzee ninaye. Askari wako ngazini. Lala chini.*

Kalamu alijitupa sakafuni. Mlango uling'oka. Risasi moja ilitoboa dari, kisha jamaa wa suti akalala kifudifudi na pingu mikononi.

Simu ikaita. Sauti aliyoiandikia miaka tisa.

"Mwanangu, umeniokoa. Rudi ofisini."

"Pole, mzee. Walikupataje?"

"Walileta mkataba wa bandari. Nikasaini. Nilipotaka kuufuta, wakanikamata."

"Uliusoma?"

"Unajua macho yangu." Akashusha sauti. "Hilo libaki letu, kama zamani."

Kalamu aliliogopa ombi hili kuliko bastola.

"Zamani nililipwa kunyamaza, mzee. Kesho saa nne, washa redio."

Akakata, akachukua mkoba, akashuka ngazi.