Kidole cha Tano

Siku kidole cha mwisho cha glavu kilipojaa, Fabiola alikuwa anamfunga mtoto nepi na hakukitazama vizuri. Alikiona kwa pembe ya jicho tu: kidole kidogo, ambacho siku zote kilining'inia kama soksi tupu, kimesimama pamoja na vingine vinne. Akadhani hewa imepita njia mbaya. Nitamwambia Christophe, alijisemea, akaendelea na nepi.

Christophe alikuwa shemeji yake. Alitengeneza simu za watu katika chumba cha mbele cha nyumba yao ya mtaa wa Muhumba, juu ya ziwa, na glavu zile mbili zilikuwa kazi ya mikono yake. Moja ilikwenda na kaka yake Didier, mume wa Fabiola, kwenye machimbo ya dhahabu ya Mwenga. Nyingine ilibaki nyumbani juu ya mto wa kitanda, kando ya mtoto. Ndani yake mlikuwa na mifuko midogo ya hewa, nyaya nyembamba kama nywele, na kitambaa kinachopata moto. Didier akivaa ya kwake kule na kukunja kidole, ya nyumbani nayo inakunja kidole. Akipapasa hewa, ya nyumbani inapapasa mgongo wa binti yake, Emmanuella, na joto la mgongo ule linamrudia Didier mkononi. Mguso ulisafiri kwa simu kama sauti inavyosafiri.

Kwa kazi ile yote Christophe hakuomba hata soda. "Mutoto ajue mukono ya baba yake," alisema tu. "Asilie siku atamubeba."

Tena hakutaka mkono uingie kwa watu bila adabu. Kwa hiyo simu iliyofungwa pamoja na glavu ilibisha kwanza, kwa sauti ya Didier mwenyewe aliyoirekodi: "Hodi, maman Emma." Fabiola akijibu "Karibu," glavu inajaa. Asipojibu, inabaki kitambaa. Mara nyingine Fabiola akiwa uani na hodi ikasikika, Monique, jirani wa ukuta mmoja, alimjibia kwa sauti kubwa kutoka kwake, "Karibu, papa Emma, wako hapa!" Ndivyo alivyofanya kwa kila mgeni, ili mtu asisimame nje kama mwizi. Glavu ikajaa, nao wakacheka wote.

Didier alikuwa na vidole vinne katika mkono wa kulia. Kidole kidogo kilikatwa na jiwe shimoni mwaka wake wa kwanza, na hakurudi kukitafuta. Wenzake walimtania kwamba mlima umemwonja na sasa unamjua. Yeye alicheka alipoisimulia. Fabiola hakucheka; alikiosha kidonda kile kwa maji ya uvuguvugu na chumvi, asubuhi na jioni, mpaka kikafunga.

Kwa hiyo kidole cha tano cha glavu hakikuwa na mtu wa kukijaza.

Harufu ndiyo iliyomgeuza kichwa. Harufu ya udongo wa chini sana, udongo ambao jua halijawahi kuuona, ilijaa chumbani mchana kweupe, na mtoto aliyekuwa anabwabwaja akanyamaza. Glavu ilikuwa juu ya tumbo lake. Didier alikuwa na desturi ya kugonga mara mbili polepole, halafu kupapasa. Huu mkono haukugonga. Ulikuwa unatafuta, kama mtu anayetafuta kitu gizani, ukipita ubavu mmoja, ukipita wa pili, ukibonyeza kila mfupa.

"Didier?" Fabiola alinong'ona. "Ni weye?"

Simu ikasema, "Hodi, maman Emma."

"Nilishakukaribisha. Uko ndani."

Mkono ukatulia. Halafu ukakamata paja la mtoto, na Emmanuella akalia kilio ambacho Fabiola hakuwahi kukisikia, na Fabiola akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili akauvuta, ukawa baridi kama jiwe la mtoni na mzito kuliko kitu chochote cha kitambaa, akauuma kwenye dole gumba na kinywa chake kikajaa tope, akanyoosha mkono akaifikia pasi ya makaa aliyokuwa ameiweka pembeni kwa ajili ya nguo, akaikandamiza juu ya glavu mpaka moshi ukatoka, na ndipo vidole vikaachia, vikaruka, vikajisokota katika nywele zake na kumgonganisha kichwa ukutani, mara moja, mara tena, mpaka damu ikamwingia machoni na hakuona ila sura ya mwanawe iliyogeuka zambarau kwa kulia.

Christophe aliingia mbio na bisibisi mkononi. Aliipasua glavu mgongoni, akachomoa batri, na glavu ikaanguka sakafuni.

"Imekwisha, shemeji. Bila batri ni kitambaa tu. Ona," alisema huku anahema, akaishika.

Glavu ikampa mkono. Ilimshika kama mtu anavyosalimia, kiganja kwa kiganja, na Christophe, kwa mazoea ya adabu, hakuurudisha mkono wake haraka. Kilisikika kitu kama ukuni mkavu unaovunjwa jikoni. Ilikivunja kidole chake kidogo, ikakizungusha, ikakizungusha tena, na kilipong'oka ikakibeba hadi uvunguni mwa kitanda kama paka aliyeiba dagaa.

Ilipotoka tena, waliifunika kwa sufuria ya kupikia ugali na juu yake wakaweka kinu. Mchana wote ilibisha mle ndani, taratibu, kwa heshima. Monique aliuliza kupitia ukutani kwa nini mtoto analia. Fabiola akamjibu ni meno tu. Monique alikuwa na mimba changa, baada ya kupoteza mbili, na Fabiola hakutaka kumtia hofu.

Christophe, mkono umefungwa kwa kitenge, alipiga simu machimboni. Akajibiwa na mtu aliyekuwa anachimba na Didier.

"Shimo ilianguka juzi. Tunachimbua, lakini yeye hatujamuona."

"Na glavu yake?"

"Alishuka nayo mu mufuko. Njo vile alipenda, akitoka tu anasalimia mutoto."

"Leo amesalimia," Christophe alisema. "Labda yuko muzima. Labda anaomba musaada na ile mukono."

"Papa, kule chini rezo ya simu haifikake," yule mtu alimjibu.

Kesho yake asubuhi alifika Clémence, shangazi yake Didier, kutoka Mudaka. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye rozari shingoni na majani yake ya dawa katika mfuko wa plastiki, na watu wenye majini waliletwa kwake hata kutoka ng'ambo ya mji. Hakuanza na sufuria. Alifungua kidonda cha Christophe, akakiosha, akakifunga upya. Akamkalisha Fabiola chini, akampa kiazi kitamu alichokuja nacho kikiwa bado na joto, na akangoja mpaka amekimaliza.

"Ilipiga hodi?" aliuliza.

"Ndiyo, shangazi."

"Na nani alijibu?"

"Miye. Hata sikuangalia."

"Nani anaangaliaka? Hodi ikipigwa, kinywa kinasema karibu, sura tutaiona baadaye. Tumelelewa vile." Aligeuka kuitazama sufuria. "Ile kitu ya shimo ilikuwa na kidole ya mwana wetu toka zamani. Musalaba yangu! Na ninyi mukaipelekea mukono muzima, mukaifundisha na hodi. Haikuvunja mulango. Uliifungulia."

"Tuichome," Christophe alisema.

"Uchome mugeni mwenye amekaribishwa? Atabaki na kisirani mpaka ku bajukuu. Mugeni anasindikizwa. Na anasindikizwa na mwenye alimukaribisha." Akamshika Fabiola kidevu. "Utamupeleka ku maji, mukono mu mukono. Ukifika unasema: Uende. Neno moja. Usimushukuru. Usimupe salamu za mutu. Na usimwambie arudi. Umesikia? Ile neno ya kurudi njo mulango yake."

"Nimesikia."

"Mutoto abaki kwa Christophe. Ukisikia maumivu, tembea tu."

Fabiola akainua sufuria. Glavu ilikuwa imekaa wima, vidole vitano juu, imetulia kama mgeni anayengoja chakula. Alinyoosha mkono wake wa kushoto, ikaushika.

Mvua ilikuwa inanyesha, na njia ya kuteremka ziwani ilikuwa tope tupu. Clémence alikuja nyuma kwa mbali akisali, na Fabiola akatembea mbele akiwa amebana midomo, kwa sababu tangu getini mkono ule ulianza kumbana, kwanza kama mtu anayekupenda, halafu kama mlango unaofungwa, na walipopita kwenye kuta ndefu za nyumba za wakubwa alisikia mfupa wa kwanza ukikatika ndani ya ngozi yake, akatembea, na wa pili ukakatika, akatembea, na mama mmoja aliyekuwa amebeba mboga akamwonea huruma kwa kulowana akataka kumfunika kwa nailoni yake, na Fabiola akashindwa hata kumwambia asante, akatikisa kichwa tu, damu ikimtiririka kutoka kwenye kucha, mpaka maji ya ziwa yakamfika magotini.

Hapo mkono ukalegea.

Ukapata joto. Kidole cha tano kikanywea, kikaning'inia kama soksi tupu. Vidole vinne vikafunguka juu ya kiganja chake kilichovunjika, vikagonga mara mbili polepole, halafu vikapapasa.

Fabiola alijua kwamba kule chini rezo haifiki. Alijua batri iko mezani kwa Christophe. Lakini hakuna aliyekuwa amemwambia kama mumewe yu hai au amekufa, na kama amekufa, basi huu ndio ulikuwa mkono wa mwisho.

"Uende," alisema, kama alivyoagizwa. Na kinywa chake, ambacho kila mara kilimsindikiza Didier kwenye gari la Mwenga, kikamalizia chenyewe, polepole, chini ya mvua: "Uende muzuri, papa Emma. Utarudia nyumbani."

Mkono ulimwachia mara moja, kama mtu aliyepata alichokuja kuomba. Fabiola aliufunga kwenye jiwe pamoja na ile simu iliyokuwa ikibisha hodi, akarusha.

"Ulisema neno moja?" Clémence alimuuliza ufukoni.

"Ndiyo, shangazi."

Clémence akavua kitenge chake cha juu akamfunika mabega.

Jumapili, watu wakiwa wametoka misa, mlango uligongwa. "Hodi, maman Emma."

Fabiola alichukua panga kwa mkono mzima. Christophe akambeba mtoto akarudi nyuma naye.

"Pitisha mukono ku dirisha," Fabiola alisema. "Wa kulia."

"Maman Emma, natoka kuzikwa muzima, na unaniomba mukono? Hata maji ya kunywa haunipi?"

"Pitisha."

Mkono ukapita kati ya vyuma vya dirisha. Ulikuwa mchafu, una malengelenge, una joto. Vidole vinne. Fabiola akapapasa mahali pa kile kilichokosekana, akalipata lile kovu alilolifunga kwa maji ya chumvi, akalijua, na panga likamtoka mkononi.

Didier aliingia amekonda. Walikuwa wamemchimbua akiwa hajitambui. Simu yake na glavu vilibaki chini, na kutoka kule alikuja kwa miguu na kwa huruma ya madereva. Alipoona mikono iliyofungwa vitambaa hakuuliza kwanza. Alimpokea binti yake kwa mikono miwili, na Emmanuella hakulia. Aliweka shavu kwenye kiganja kile kama mtu aliyerudi kitandani kwake.

"Umeona?" Christophe alisema, akifuta macho kwa kitambaa cha kidonda. "Nilisema ataujua. Na sasa, kaka, tuko sawa. Kila mutu vinne."

Fabiola alicheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya nepi. Alikuwa bado anacheka, harufu ile ya udongo ilipopita chini ya mlango.

"Hodi, maman Emma."

Ilikuwa sauti ya Didier. Didier alikuwa amekaa mbele yake, mikono yote miwili imemshika mtoto. Sauti ya nje ilikuwa na maji ndani yake.

Didier alifungua kinywa kujibu, kwa kuwa hodi imepigwa na ndivyo alivyolelewa. Fabiola akamziba kwa mkono wake uliovunjika, akabana, ingawa maumivu yalimpanda mpaka begani. Christophe alijiziba mwenyewe. Nje, kitu kikagonga tena mlango, mara mbili, polepole, kwa adabu ya mgeni aliyeambiwa arudi.

Ndipo kutoka upande wa pili wa ukuta ikasikika sauti changamfu ya Monique, ambaye hakupenda mtu asimame nje kama mwizi.

"Karibu, papa Emma! Wako ndani wote. Ingia tu."