Mama Aliyefika Kabla ya Kuondoka

Kila siku saa sita na nusu darasa letu hupanga foleni ya chakula, kila mtu na sinia lake la chuma. Mimi, Gyumin, hujibana nyuma ya mwenzangu Bora, maana yeye hapendi kimchi, ile kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, na hunipa yake. Siku ile alinipa kipigo, na nilikitafuta mwenyewe.

"Jana mama kapanda ndege hapa Incheon saa nane na nusu mchana," aliwaambia wenzake mezani. "Kafika Los Angeles saa mbili na nusu asubuhi. Jana hiyohiyo."

Nilicheka mpaka supu ikanitoka puani. "Kafika kabla ya kuondoka? Basi walipishana yeye na yeye, wakasalimiana."

"Ndivyo alivyoniambia kwenye simu."

"Wee Bora, kule ni karibu kilomita elfu kumi. Ndege inaruka saa kumi na moja nzima. Mama yako kakutoroka tu, yuko pwani ya Busan, hapahapa nchini, anakula samaki."

Sinia likanipata shavuni, wali ukatapakaa. Nikamkamata nywele, nikamgongesha kichwa mezani. Akaning'ata mkono hadi damu. Nikampiga teke la mbavu, akaanguka, akainuka na ngumi iliyong'oa jino langu la mbele. Jino likatua kwenye supu ya Dongha aliyekaa meza ya jirani, naye hakuimaliza. Tulikuwa tunakabana koo sakafuni Mwalimu Pyo alipotunyanyua kwa kola, mmoja huku, mmoja kule.

Katika chumba cha muuguzi jicho la Bora lilikuwa limeshafumba kwa uvimbe. Hakulilia jicho.

"Mwalimu," alisema polepole, "kama Gyumin yuko sahihi, basi mama kanidanganya mimi."

Hapo kicheko changu chote kiliisha.

Mwalimu Pyo alitoa chenza mfukoni, akalimulika kwa tochi ya simu. "Dunia ndiyo hii. Jua haliwezi kuwaka pande zote kwa pamoja. Sisi tukiwa mchana, Los Angeles bado ni usiku wa jana yake. Majira haya saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa kumi na saba. Haya Gyumin, wewe mjuzi, hesabu."

Nilihesabu kwa vidole, kimoja kimevimba. Saa nane na nusu mchana, ongeza saa kumi na moja angani: saa saba na nusu usiku. Rudisha nyuma saa kumi na saba. Nikarudia mara mbili, nikitamani jibu libadilike.

"Saa mbili na nusu asubuhi," nilisema. "Jana."

Bora akapumua kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Gyumin, ulijua nusu ya jambo ukamtukania mwenzako mama kwa nusu hiyo," alisema Mwalimu Pyo. "Kuuliza kungekuchukua dakika moja. Kubisha kumekuchukulia jino. Nawe Bora, ulikuwa na ukweli mkononi, ukautupa ukashika sinia. Usipojua, uliza, ukijua, eleza. Ngumi hazijui hesabu. Wiki nzima mtaosha masinia ya darasa."

Kesho yake nilisimama mbele ya darasa nikasema, "Mama yake Bora ni mkweli, mimi ndiye mpumbavu." Kila neno lilipita penye pengo likipiga mluzi. Bora alicheka kwa jicho moja.

Mchana alinisogezea kimchi yake. Niliitazama tu. Sikuweza kutafuna.