Kuku wa Maman Rosalie na Kunguru wa Ukutani

Maman Rosalie wa Kadutu alikuwa ameshasema, na akisema amesema. Jumamosi wakwe wa binti yake Fabiola wakifika kutoka Walungu, watakula kuku aliowafuga yeye. Wa sokoni? Hata kidogo! Alikuwa nao sita, wanono, na mtaa mzima ulishachoka kusikia sifa zao.

Lakini kiangazi cha Bukavu kina usiku wa baridi. Rosalie akalizungushia banda la mabati turubai la plastiki, pande zote, upepo usipite.

Jumanne saa sita mchana akachungulia. Mama yangu! Kuku wote wanahema, midomo wazi, mabawa wameyaachanisha na mwili. Akakimbilia kisu.

"Ni ugonjwa! Nazichinja zote leo, kabla zikufe!"

"Ngoja kwanza, maman," alisema jirani yake Tatiana, mganga wa mifugo, aliyekuja aliposikia kelele. "Asubuhi zilikuwa zinahema?"

"Hapana. Asubuhi zilikuwa muzima."

"Kamasi? Kuhara?"

"Hakuna."

Tatiana akamwonyesha kunguru ukutani. Naye alikuwa ameacha mdomo wazi.

"Na ule, utamuchinja? Ndege haina jasho. Ikisikia joto inahema, maji inatoka na pumzi, mwili unapoa. Lakini maji ile lazima irudi. Ndege za pori zinajua: zinatafuta chakula asubuhi na jioni, mchana zinakunywa na kupumzika kivulini. Hazimalizi nguvu bure."

Punde kunguru akaruka, akajificha ndani ya mti wa avoka, ule mparachichi wa uani.

"Unaona? Amejipeleka mwenyewe. Zako umezifungia mulango na ile turubai."

"Na baridi ya usiku?"

"Zinatunisha manyoya, zinabanana. Ile ndiyo bulangeti yao. Usiku funika upande wa upepo tu."

Rosalie aliona haya, kisha akajicheka. Aling'oa turubai, akatandaza majani ya migomba juu ya mabati, akaweka beseni la maji safi kivulini. Chakula akawapa jioni, jua liliposhuka. Kesho yake saa sita, midomo sita ilikuwa imefungwa.

Jumamosi aliwakaribisha wakwe chini ya ule mti wa avoka, maji kwanza. Baba mkwe wa Fabiola alikula mpaka akalamba vidole.

"Maman, kuku hizi mulizitoa soko gani, marché ya Kadutu?"

Fabiola akamtazama mama yake. Rosalie akanyoosha mgongo.

"Marché? Hizi nilizifuga miye!"